Nilivyomuua Nyanya ili Nizindue Kitabu

Mimi ni karani mjini Kisumu, lakini moyoni ni mwandishi. Riwaya yangu niliichapisha kwa mshahara wangu mwenyewe, halafu bosi akaninyima ruhusa ya kwenda kuizindua nyumbani Katito. Basi nikamuua nyanya yangu kwa mdomo. Ruhusa ikatoka papo hapo.

Nilisahau kwamba kwetu mtu haachwi azike peke yake. Ijumaa, nikiwa nasoma sura ya kwanza kwa madaha, gari la kazini likaingia uani. Wenzangu wakashuka wakiimba nyimbo za msiba, bosi mbele na shada la maua. Nyanya akainuka kwenye kiti cha mbele cha wasikilizaji wangu, akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Baba. Maua yote haya ni yangu?"

Bosi alinitazama kwanza.

"Yote, Mama. Wewe ndiye tuliyekuja kuzika."