Swichi ya Taa ya Lile Gari Jeusi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu usikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, hapa hapa Nairobi, miaka ile ya Hali ya Hatari. Shule niliiacha kabla haijanizoea. Lakini gari nalijua, na nikikuambia jambo la gari usibishane nami.

Nilikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji moja ya Parklands. Tajiri wangu, yaani mwenye gereji, alikuwa Singasinga mzee, mkali, fundi hasa. Alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: ukimaliza kutengeneza gari, unaketi kando ya mwenye gari, mnatoka naye barabarani, na kile ulichotengeneza unakijaribu kwa mkono wako mwenyewe huku yeye anaangalia. Akiridhika, unashuka. Sheria nzuri, utasema. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka yalipompata Barasa.

Barasa alikuwa fundi mwenzangu. Tulitoka sehemu moja kule magharibi, na hapa mjini tulilala chumba kimoja. Jioni moja alitoka na mteja kujaribu taa. Asubuhi watu walimkuta njia ya Kabete, ameketi ukingoni mwa barabara, macho wazi, haoni kitu. Hospitali wakampima, wakasema macho ni mazima. Mazima! Mtu hajui kama ni mchana au usiku, nawe unaambiwa macho mazima? Barasa alisema tu, "Lile gari jeusi." Akarudishwa kwao akishikwa mkono.

Miezi ikapita. Siku moja jua likiwa linazama, wenzangu wananawa mikono kwa mafuta ya taa ili tufunge kazi, gari jeusi likaingia uani. Taratibu, bila taa, bila honi. Magari meusi yalikuwa mengi Nairobi, huwezi kushuku kila moja. Akashuka Mwafrika mrefu aliyevaa suti na kofia. Siku hizo Mwafrika mwenye gari la namna ile tungelijua jina lake na la baba yake. Huyu hatukumjua. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, hakina kwao.

"Fundi," akaniambia, "swichi ya taa inanisumbua. Nivute nisivute, haziwaki."

Wenzangu wakanipigia kelele. "Ee bwana, leo umepata mteja wa suti! Ukimaliza mwombe hata tai!"

Nikacheka nao. Nikaanza na glopu, kama fundi yeyote. Nikafungua kioo cha taa kubwa. Niamini: ndani ya glopu hamkuwa na uzi. Si kwamba ulikatika. Haukuwahi kuwamo. Nikageuka kumwonyesha, na taa yangu ya mkononi ikammulika machoni kwa karibu. Hakupepesa.

"Bwana, glopu hizi ni tupu."

"Nimekuambia swichi," akasema, bila hasira.

Nikalala chini ya dashibodi. Swichi ilikuwa ya kuvuta, na nyuma yake kila taa ilikuwa na waya wake, wa kulia na wa kushoto. Nilipoifungua nikakuta senti kumi, ile yenye tundu, imewekwa mahali pa washa, kile kibati cha duara cha kukazia skrubu. Nikashtuka. Mji mzima nilimjua mtu mmoja tu aliyefunga swichi kwa senti ya tundu, na nilikuwa nikimcheka kwa hilo kila siku. Barasa.

Mwenye akili angeacha kila kitu pale akaenda zake. Mimi nilipiga shaba msasa, nikakaza nyaya, nikavuta swichi.

"Zimewaka!" wenzangu wakashangilia.

Mimi sikuziona. Sikuona taa, sikuona dashibodi, sikuona hata mkono wangu. Nilinusa petroli, nikasikia watu wakicheka, na mbele yangu giza tupu. Nikasukuma swichi. Macho yakarudi. Nikavuta tena, kidogo tu. Giza. Nikasukuma. Yakarudi.

Hapo nikaelewa. Taa zile hazikula betri.

Nikamwendea tajiri, nikamwambia gari hili silijaribu. Hakutaka hata kusikia sababu. "Wewe nakaa karibu ya bwana, najaribu, narudi. Sheria ile ile. Kama hapana taka, kwenda kabisa!"

Utaniuliza kwa nini sikwenda kabisa. Kazi nyingine ningepata. Lakini lile gari lingeingia gereji nyingine kesho, likampata kijana wa mtu, na mimi nilikuwa na swali la kumuuliza mwenyewe. Nikachomeka bisibisi kiunoni, nikaketi kando yake. Nilijua vizuri ninachokwenda kukibahatisha. Ni haya macho.

Tukapita Westlands tukashika njia ya Kabete. Giza lilikuwa linaingia. Nikamuuliza waziwazi, "Kuna fundi alikutengenezea swichi hii kabla yangu. Unamkumbuka?"

"Barasa," akasema, kama mtu anayetaja aina ya tairi. "Alikuwa na macho mazuri, lakini hayakudumu. Vuta swichi, fundi."

"Vuta wewe."

"Kazi ni yako. Lazima mkono uwe wako."

"Basi endesha gizani mpaka kiama."

Akakanyaga mafuta. Kisha akanishika mkono wa kulia. Baridi ya mkono ule sina cha kuilinganisha nacho. Akaubana mkono wangu kwenye swichi, akauvuta pamoja na wake. Nikapofuka papo hapo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo alipokosea. Alidhani fundi anafanya kazi kwa macho. Nani alimdanganya? Nyuma ya dashibodi hakuna anayeona kitu, awe na macho manne. Vidole ndivyo vinavyoona. Nikachomoa bisibisi kwa mkono wa kushoto, nikaupenyeza mle ndani.

"Nilichofunga mimi," nikamwambia, "nakifungua mimi!"

Nikaipata skrubu ya waya wa kulia, nikailegeza, nikauvuta waya. Jicho la kulia likarudi. Nikamwona. Kofia ilikuwa imeanguka, na pale ambapo uani niliona macho sasa palikuwa ngozi tupu, laini kama ya goti. Nikahamia waya wa pili. Akanguruma, akanyoosha mkono akafungua mlango wangu, akanisukuma nje gari likiwa mbioni.

Nikaangukia majani. Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa linapotelea mbele, limewasha taa moja. Ya kushoto.

Kwa tajiri nilirudi kuchukua vifaa vyangu tu. Nikafungua gereji yangu, nikajenga, nikasomesha watoto, kwa jicho la kulia peke yake. Kwangu mteja anajaribu gari lake mwenyewe. Asiyetaka, njia ile pale. Nilikwenda pia kwa Barasa, kwao, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo ulimwachia moja?" akauliza.

"Kwa sasa," nikamjibu.

Madaktari nao wanasema jicho langu la kushoto ni zima. Nami nawaambia wasijisumbue, linaona. Tatizo halioni hapa nilipo. Kila jua likizama, linaona barabara: changarawe, kona, ukingo wa majani, vyote vikinijia mbio. Nimekula chakula cha jioni maisha yangu yote huku nusu ya kichwa iko safarini.

Wewe kijana unayeshika bisibisi leo, kama ni kusikia, sikia. Ukifungua taa ukakuta glopu haina uzi, usiiguse swichi. Mtu akikuambia lazima mkono uwe wako, tia mikono mfukoni. Na usiketi kando ya mteja usiyemjua kwa sababu tajiri amesema ndiyo sheria. Tajiri hatakupa macho yake.

Juma hili barabara imebadilika. Nimeanza kuitambua. Juzi jicho liliona duka la jirani yangu. Leo jioni limeona lango langu, likitazamwa kutoka nje. Wanangu wanalia nilifunge kwa kufuli, wanasema nimezeeka, nitapigana na nini? Nimewaambia walale. Lango nimeliacha wazi kabisa, na kiti changu nimekiweka katikati ya ua. Aingie. Ile taa ni yangu, na fundi ni mimi.