Siku Redio ya Papa Ilipofura Tumbo

Papa, yaani baba yangu, alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na alipostaafu alibaki na vitu viwili ambavyo hatukuruhusiwa kugusa: kiti chake na redio yake. Redio ilikula mawe matatu, yaani betri kavu za dukani. Yalipoanza kuchoka aliyaanika juani juu ya kikapu, akayageuza kama mtu anayekausha samaki, mpaka yakafa kabisa.

Mimi nilikuwa na meza yangu karibu na soko la Bunia. Niliuza vifuniko vya simu na kujazia watu simu zao kwa umeme wa jua. Kwa sababu nilijua kushika chuma cha kulehemu, nilijiona fundi. Nikamwambia papa nitamtengenezea redio isiyohitaji mawe tena.

Nilitoa betri bapa kwenye simu iliyokufa, nikaiunganisha ndani ya redio, kisha nikakata waya wa chaja na kuulehemu moja kwa moja kwenye ile betri. Siku tatu ilienda vizuri, kwa sababu niliichomoa mapema. Siku ya nne niliichomeka asubuhi, nikaenda sokoni, nikasahau.

Niliporudi saa sita kula, papa alikuwa anasikiliza habari. Tukasikia kitu kimelia ka! Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimefunguka chenyewe.

"Mutoto yangu, kuya uone!" papa akaita. "Redio iko na mimba!"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka. Betri ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa chachu, na ilikuwa ya moto. Nilichomoa waya, nikaibeba redio mbio hadi uani, nikaifukia betri kwenye mchanga. Papa akatuma mtu dukani kununua mawe.

Kesho yake nilienda kwa fundi mmoja mwanamke aliyekuja kutoka Ariwara alipoolewa. Meza yake ilikuwa nyuma ya soko, na watu walimletea simu zilizowashinda mafundi wengine. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Nilimweleza yote. Alicheka kwanza, halafu akauliza, "Na chargeur ilikuwa wapi?"

Nilimwonyesha chaja yangu yenye waya uliokatwa.

"Hii si chargeur. Hii inaleta volti tano tu, basi. Chargeur yenyewe iko ndani ya simu. Na weye simu ulitupa."

Niliona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa najazia watu simu kwa kitu ambacho hata jina lake sikulijua.

Alichukua kibao kidogo cha saketi, kama ukucha wa kidole gumba, chenye kipande cheusi cha miguu minane. Akakiunganisha na betri iliyoisha kabisa, akaweka mita mbili, moja ya volti na moja ya mkondo wa umeme. "Kaa hapa. Andika unachoona."

Nilikaa tangu asubuhi. Mwanzoni betri ilikuwa chini ya volti tatu, na kibao kilitoa mkondo mdogo sana, tone kwa tone.

"Mbona haijazi?"

"Iko inaangalia kama betri iko muzima. Mutu mwenye njaa ya siku tatu humupe bugali sahani nzima."

Volti zilipofika karibu na tatu, mkondo uliruka juu na kukaa palepale, haupandi wala haushuki, huku volti zikipanda polepole. Nilichoka kuangalia, nikanunua hindi la kuchoma. Kisha volti zikasimama. Nne na pointi mbili. Nilidhani imekwisha, lakini hapo ndipo mkondo ulianza kushuka wenyewe: nusu, robo, ukaendelea kupungua mpaka ukabaki sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo. Taa nyekundu ikazimika, ya bluu ikawaka.

"Quatre virgule deux," yaya akasema. "Haipite, hata kidogo."

"Na ikipita?"

"Uliona tumbo ya redio."

Nilitaka kuondoka na kibao mbio, akanishika mkono. Kiliwekwa kutoa ampea nzima, na betri mpya niliyoitafutia redio ya papa ilikuwa ndogo, ingepata moto. Mkondo huo, alisema, unapangwa na kizuizi kimoja kilicho pembeni, kinachobana umeme. Ukiweka kinachobana zaidi, mkondo unapungua. Alinipa kingine nikibadilishe mwenyewe. Kikaniruka kutoka kwenye kibanio. Tulipiga magoti chini ya meza, mimi, yeye na mteja aliyekuja na simu yake, tukitafuta kitu kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Mteja ndiye aliyekipata, kimenasa kwenye soli ya kiatu chake.

Nilipokwisha kufunga kibao na betri mpya, papa hakutaka redio iingie ndani. Tuliiweka uani juu ya tofali, naye akakaa mbali na Biblia yake, kila mstari akiinua macho. Mama, aliyekulia kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe, aliniuliza inajuaje kuacha. Nilimweleza.

"Basi ni kama mimi na chupa ya maziwa," akasema. "Namwanga mingi, nikifika kwa shingo napunguza."

Taa ya bluu ilipowaka papa alimwita jirani juu ya ua aje aone. Wiki hiyo kila mgeni alipata somo, papa akichora volti na mkondo kwa chaki mlangoni. Siku moja alisema mkondo unapanda mwishoni. Nilimsahihisha.

"Nani mwalimu hapa?" akauliza. Kesho yake mchoro mlangoni ulikuwa umefutwa na kuchorwa upya, sawasawa.

Haikupita muda, yaya aliniita. Wamama waliokimbia vita kutoka Djugu, wanaoishi kwenye kambi, walikuwa na taa za jua zilizokataa kujaa, na alihitaji mikono mingine. Nikahamishia meza yangu kando ya yake. Walikuja na taa zao kwenye beseni, wakakaa nasi, wakaimba huku tukilehemu. Taa ya kwanza ilipojaa, jua lilikuwa kali bado, mwanga hauonekani. Mama mmoja akaifunika kwa kitenge chake, akaingiza kichwa chini ya kitambaa. "Iko inawaka!" akapiga kelele, na wenzake watatu wakasukumana kuingiza vichwa vyao na wao.