Neno Nililomwachia Mlangoni

Kliniki yangu ilikuwa Komarock, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi na misumari. Nilikuwa daktari wa familia kwelikweli: nilitibu bibi, binti na mjukuu, na wote watatu walikuwa na namba yangu ya simu. Kuna aliyenisimamisha kanisani wakati wa sadaka ili anionyeshe upele. Mwingine alinishika mkono sokoni nikichagua sukuma wiki, akasema ana swali moja tu. Mwenye swali moja huwa na sita.

Sikulalamika mbele yao. Nililalamika nyumbani, jambo ambalo ni baya zaidi. Kisha mwanangu akakohoa wiki nzima, na aliyeniambia ni dada wa kazi. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mtoto wake? Wiki hiyo nilijaza fomu za kwenda kufanya kazi Australia. Sikutafuta utajiri. Nilitaka kula chakula kikiwa bado moto.

Wagonjwa wengi niliwaaga. Wengine waliniombea, wengine wakanitania kwamba nitarudi nikiongea kwa pua. Mmoja tu alinishinda: mama mmoja wa Donholm, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari tangu nifungue kliniki. Kila mwezi alipanda ngazi zile, akavua akala zake za Kariokor, ndara za matairi ya gari, akaninyooshea miguu. Ilikuwa imekufa ganzi. Angeweza kukanyaga msumari asijue. Niligombana naye miaka yote kuhusu akala zile. Alicheka, akaniita mwanangu, na mwezi uliofuata akaja nazo tena.

Siku yangu ya mwisho alikuja. Nilimkagua miguu, nikamwandikia dawa. Chumba cha pili alikuwapo daktari mpya, kijana mpole, niliyekuwa nimeshamkabidhi kadi za wagonjwa wote. Nilipanga kumwita amsalimie mama. Sikumwita. Mama, akifunga kitambaa chake kichwani, alikuwa amesema kwamba ameona madaktari wengi maishani lakini aliyemsikiliza ni mmoja, nami nikaogopa kuuona uso wake ukibadilika. Nikachukua mkoba, nikasema kuna mtu ananingoja. Nimeshika mlango, akaniuliza, "Mwezi ujao ni tarehe ile ile?"

"Nakuja, mama," nikasema, nikatoka.

Kwetu Nairobi neno hilo husemwa na mtu anayeondoka. Anakupa mgongo na kusema nakuja. Huenda akarudi baada ya dakika mbili, huenda asirudi kabisa, na hakuna atakayemwita mwongo. Nililichagua kwa sababu hiyo. Nilijua pia kwamba yule mama, mzee wa kanisa, ndiyo yake ilikuwa ndiyo, na kwamba angelishika neno langu vile lilivyotoka. Ulikuwa uoga, basi, na sina jina jingine la kuupa.

Huku Australia kliniki hufungwa saa kumi na moja na hakuna anayekuja kubisha. Mara mbili kwa wiki natoka mapema, namchukua mwanangu shuleni mwenyewe. Siwezi kudanganya, nilikuwa na furaha. Nilinenepa hata.

Miezi saba baadaye, nikiwa nje ya shule, binti wa yule mama alinipigia.

"Daktari, pole kwa kukusumbua. Ni mathe. Amekatwa vidole viwili vya mguu."

Kidonda kilianzia chini ya kidole kidogo. Mama alikifunga kwa kitambaa, akakaa nacho, akakataa katakata kuonwa na daktari mpya.

"Tulimwambia ulihama," binti akasema. "Akasema ungekuwa umehama ungemwambia. Sasa hata hosi amekataa kurudi kuoshwa kidonda. Wamesema akizubaa, mguu wote unaenda. Ongea na yeye, daktari. Anaskia wewe tu."

Akampa simu.

"Daktari wangu!" mama akasema. "Si niliwaambia hawa! Unafika lini?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Na hata hapo, Mungu anisamehe, ulimi ulitaka kulisema tena neno lile. Lilikuwa jepesi, lenye adabu, na lingenipa miezi mingine ya kulala vizuri. Kengele ya shule ikalia. Watoto wakaanza kutoka.

"Mama, siji," nikasema. "Nilihamia huku. Siku ile nilijua siji, nikakudanganya. Tafadhali nenda hospitali leo. Halafu nenda kwa yule kijana wa kliniki, ni daktari mzuri."

Nilisikia mtu kwao akiosha vyombo.

"Kumbe ni hayo tu," akasema. Hakuwa na hasira, nami nilitamani sana awe nayo. "Ungeniambia, mwanangu, ningeenda kwake na vidole vyangu vyote."

Kisha akaniuliza kama mtoto amezoea chakula cha huko.