Maoni Niliyoandika kwa Penseli

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga, Ofisa Sheria Mwandamizi alinikabidhi nakala ya Katiba iliyochakaa na kiti kimoja. Kalamu, alisema, nijitafutie mwenyewe. Kazi ilikuwa hii: halmashauri zikitunga rasimu za sheria ndogo, sisi tulizisoma kabla hazijaenda kwa waziri kuidhinishwa, tukipima kila kifungu kama hakipingani na Katiba. Ninyi vijana hudhani hiyo ni kazi ya majaji peke yao. Jaji huletewa shauri mtu akiwa ameshaumia. Sisi tulitakiwa kuzuia asiumie.

Maoni yetu yaliandikwa kwenye dokezo, yaani karatasi ya ndani ya jalada ambayo kila ofisa huandika ushauri wake kwa wino na kusaini. Kisichokuwa kwenye dokezo, serikalini hakikusemwa.

Mwaka wangu wa tatu ilifika rasimu ya malisho kutoka halmashauri moja ambayo sitaitaja. Vifungu vyote vilikuwa safi isipokuwa cha mwisho: kila mfugaji asiyezaliwa wilayani aondoke na mifugo yake ndani ya siku thelathini. Katiba inampa raia haki ya kuishi popote nchini. Nikaandika pembeni, kwa penseli: "Kinakiuka Katiba."

Kwa nini penseli? Ilikuwa miaka ya soko huria, serikali inapunguza watumishi, na kila mwezi tulingoja orodha. Nyumbani Katandala nilikuwa na mama mgonjwa. Niliogopa, sina neno jingine.

Mkuu wangu aliyaona maandishi, akaniita.

"Binti, penseli si ushauri. Unaamini ulichoandika?"

"Naamini, mzee."

"Basi kiandike kwenye dokezo. Nami nitasaini chini yako."

Nilirudi mezani, nikakaa na kalamu mkononi hadi chai ikapoa. Kisha nikaandika: "Rasimu imesomwa. Haina pingamizi la kisheria." Nikafuta penseli. Mzee alisoma, akanitazama kwa muda, akasaini. Hatukulizungumza tena. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, lakini kwangu hakikufika.

Miaka baadaye, nikiwa na cheo, nilitumwa Kasanga. Pale bandarini nilipewa kiti na mlinzi wa mizigo, Mzee Masalu, Msukuma aliyewahi kufuga huku juu Ufipa. Alinisimulia bila kinyongo jinsi walivyofukuzwa kwa sheria ile ya siku thelathini, ng'ombe wakaishia njiani, na mkewe akazikwa huko huko njiani. Akauliza:

"Mama, wewe ni mtu wa serikali. Hakuna hata mmoja wenu aliyeisoma ile sheria kabla haijatufikia?"

"Mimi niliisoma, mzee. Niliona ni kosa, nikanyamaza."

Hakunitukana.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani hamkujua."

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga, mkurugenzi alisimama akasema kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kupewa onyo hata moja. Watu wakapiga makofi. Nilikaa pale nikimfikiria Mzee Masalu na mkewe, nikatamani ningekuwa na onyo moja tu, la siku ile.