Kamirabana na Shimo la Matofali

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, huko Carama, tulikatazwa kuchuma maua ya manjano yaliyoelea kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Bibi aliuita mmea ule kamirabana, yaani mmeza watoto. Chini ya maji, alisema, una matumbo mia, na yote yana njaa. "Ikishika mguu, haiachi," alituambia, nasi tukacheka kwa woga.

Kisha mdogo wangu Asha, wa miaka minne, akafia mle. Mama alikuwa sokoni akiuza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Walipomtoa Asha, mguu wake ulikuwa umezongwa na nyuzi za mmea, na kesi ikaishia hapo. Bibi alimgeukia mama mbele ya watu: "Nilikuambia iko inakula watoto. We ukaenda soko." Mama amebeba neno hilo miaka yote, na ndagala hali tena.

Sasa nafundisha biolojia. Mwaka huu niliuchota mmea huo kwa ajili ya wanafunzi, nikautazama kwa lenzi, hasira ikanipanda. Matumbo yenyewe ni vifuko vidogo kama punje ya ulezi. Kila kimoja kina kimlango chenye vinywele. Kidudu kikivigusa, mlango unafunguka kwa ndani, maji yanakivuta, unajifunga. Kufumba na kufumbua. Kinachomezwa ni viluwiluwi vya mbu. Mtoto! Hata ukucha wa mtoto hauingii.

Nilibeba chupa ya mmea huo pamoja na lenzi hadi Buyenzi, anakokaa mama siku hizi. Aliinamia lenzi muda mrefu.

"Haka kadogo hivi ndiyo kalimumeza Asha?"

"Apana, mama. Asha alizama. Shimo ilikuwa refu, na mwenyewe hakuiziba."

Mwenye shimo alikuwa jirani yetu. Aliuza matofali yake, akajenga nyumba ya pili, akaliacha wazi palepale tulipokuwa tukipita sisi watoto. Hakuna mtu mzima aliyemuuliza kitu, maana mmea ulikuwa umekwisha kuhukumiwa.

Mama aliweka lenzi mezani.

"Sanda ya Asha alinunua yeye," akasema. "Mi nilimushika mukono, nikamushukuru."

Bibi nimemsamehe. Alitaka tuogope maji, na njia aliyoijua ilikuwa hiyo. Yule jirani sijamsamehe, na asije mtu kuniambia eti hayo ni ya zamani.