Kitenge cha Mbavuni

Mama yangu alivunjika ubavu kwa kukohoa. Hakuanguka, hakugongwa na pikipiki. Alikuwa ameketi jikoni akichekecha unga wa muhogo, kikohozi kikamshika, akasikia kitu kikilia "ka!" upande wa kulia.

Kikohozi chenyewe kilianza na kiangazi, vumbi la Bunia linapoingia hadi kwenye sufuria, na tulikwisha kukizoea. Siku ile Mama alichukua kitenge akajikaza mbavu, kama wanawake wa kwetu wanavyofungwa tumbo baada ya kuzaa. Maumivu yakapungua.

"Unaona? Hakuna kitu."

Lakini alivuta pumzi fupifupi, na makohozi ya asubuhi yakaacha kutoka. Homa ilipompanda nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Kwa kila shimo la barabara alinifinya bega.

Daktari akamwambia, "Mama, inafaa upite ku radio."

"Ku radio? Niende kusema nini kule? Kama niko nakohoa?"

Muuguzi alicheka, Mama naye akacheka, ubavu ukamchoma. "Usinichekeshe, weye!"

Radio hiyo ni ile ya kupiga picha ya mifupa. Ilionyesha ufa mwembamba kwenye ubavu, na chini yake pafu lililoanza kuchafuka. Muuguzi akakifungua kitenge polepole.

"Mama, hii ni ya tumbo. Huku umefunga na mapafu. Kama haifunguke, uchafu inabakia ndani."

Akampa mto. Kikohozi kikija, aukumbatie na kuubana pale panapouma, akohoe, kisha auachie. Katikati avute pumzi ndefu, hata kama inauma kidogo. Dawa ya maumivu anywe kwa wakati wake, asingoje azidiwe.

"Nimekuwa bibi arusi wa mto," Mama alisema njiani.

Homa imeshuka. Sasa analala amejinyoosha, si kwa kuketi kama siku zile za maumivu, na akikohoa hafumbi macho tena. Ila daktari hakuridhika. Ubavu ulieleza maumivu, alisema, haukueleza kikohozi. Alitaka kujua kama ni vumbi, ni unga, au ni kifua kikuu, akapeleka makohozi maabara.

Leo asubuhi nimepita tena kuuliza. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kupimia makohozi imezimika. Majibu hayajatoka.