Isale kwa Chombo Kikubwa

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa duka la vitambaa pale Moshi mjini, na kwao kulikuwa na deki ya video. Filamu ya vita vya angani tuliiangalia likizo nzima, kanda ileile, mpaka picha zikaanza kukwaruza. Hatukuwa tunastarehe, tulikuwa kazini. Yeye alisimamisha kanda, mimi nikahesabu kwa sauti: chombo kidogo kinavuka kioo kabla sijafika mbili, chombo kikubwa napita kumi na mbili bado tumbo lake halijaisha. Hesabu hizo tulizipeleka mlimani, kwenye kihamba cha bibi, shamba lake la migomba na kahawa.

Uwanja wetu ulikuwa kichanja cha kuanikia kahawa. Matundu ya wavu wake ndiyo yalikuwa vipimo. Chombo kidogo, kizibo cha soda, kilikwenda matundu sita kwa zamu. Kikubwa, gunzi la mahindi nililolipaka masizi, kilikwenda tundu moja. Sheria zote niliziandika mimi kwenye daftari.

Tatizo lilikuwa lile gunzi langu. Katika filamu, kidogo kinakiua kikubwa kwa risasi moja. Tulikubaliana kwamba ni lazima dadu ya ludo itoe sita mara mbili mfululizo. Niliamini haiwezekani.

Rafiki yangu akazipata. Sita, halafu sita.

"Bado," nikasema, nikafungua daftari. "Kikubwa kina ngao. Mpaka mara tatu."

Akausogeza ukurasa karibu na macho. Sheria nyingine zote zilikuwa za wino wa bluu. Hiyo ilikuwa nyeusi, na nilikuwa nimeiandika asubuhi ile.

"Kumbe unacheza na daftari, huchezi na mimi," akasema. Akakusanya vizibo vyake, akamuaga bibi kwa heshima, akateremka mjini.

Wiki iliyofuata familia yao ilikuwa inahamia Dar es Salaam. Nilijua hilo tangu mwanzo wa likizo, ila nilikuwa sijalipa uzito.

Bibi hakuniuliza mengi. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo. Kwetu mkosaji hulibeba mwenyewe, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe.

"Lakini bibi, wale si Wachagga."

"Kwani hasira yao ni ya aina nyingine?"

Dukani, daftari likiwa kwapani, nilimkuta mama yake, majora ya vitambaa yakiwa tayari kwenye maboksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ona! Umetuletea ua la kutuaga!" Kabla sijafungua mdomo alilichukua isale, akalitia kwenye glasi ya maji kando ya ubani.

Msamaha wangu ulikuwa ndani ya glasi, umepokewa na mtu ambaye sikumkosea.

Sauti ikatoka nyuma ya maboksi. "Mama, usilitie maji. Hilo ni langu."

Alizaliwa Moshi, alilijua. Akalitoa, likamdondoshea maji shatini.

"Nikilishika lazima nikusamehe, siyo?"

"Bibi anasema hivyo."

"Basi silaha kubwa kuliko zote mnaipanda mpakani, halafu unahangaika na gunzi!" Akacheka, akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Nilikata sheria ya ngao kwa mistari miwili. Chini yake akaandika yeye, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: chombo kilichowekewa isale hakipigwi mzunguko huo. Akafikiri, akaongeza: mara moja tu kwa mchezo, maana nakujua.

Tuliumalizia mchezo juu ya kaunta, tukipima kwa fimbo ya yadi badala ya matundu. Zile sita mbili zilihesabiwa. Nililitoa gunzi kwa mkono wangu mwenyewe, nikalitia kwenye boksi lake, kati ya kanga na vitenge, liende naye Dar.

Isale hakunirudishia.